Jalada Lililorudi Rafu Isiyo Yake

Boksi namba 1347 likirudishwa kwenye nafasi ya 1374, halijaungua, halijalowa wala kuliwa na mchwa. Karatasi zote zimo. Lakini siku mjane atakapokuja kutafuta uthibitisho wa utumishi wa marehemu mumewe ili alipwe mafao, jibu atakalopewa ni lile lile ambalo angepewa kama jengo zima lingeteketea: halionekani. Ndiyo maana nikiulizwa kazi ya msaidizi wa kumbukumbu anayeanza katika hifadhi ya nyaraka za serikali ni ipi hasa, sianzi na karatasi kukuukuu wala glavu. Naanza na mahali. Kilichoandikwa kwenye daftari na kilichopo kwenye rafu viwe kitu kimoja, leo, kesho, na baada ya wewe kuhamishwa kituo. Mengine yote yanaegemea hapo.

Siku ya kupokea

Nyaraka hazizaliwi hifadhini. Huanza katika masjala ya wizara au idara zikiwa kumbukumbu hai, zinazofunguliwa kila siku. Matumizi yakipungua huwa kumbukumbu tuli. Mwishowe huhamishiwa kwenye hifadhi, nyingine zikiwa za kutunzwa daima, nyingine za kutunzwa mpaka muda wake wa kuteketezwa ufike. Siku hiyo ya kuhama ndiyo siku makosa huingia kwa wingi, kwa sababu ofisi inayotoa inataka nafasi yake na gari linasubiri nje.

Orodha ya makabidhiano inatakiwa iwe tayari kabla boksi la kwanza halijapakiwa. Mstari mmoja ni jalada moja, si boksi moja. Uonyeshe namba ya boksi, namba ya rejea kama ilivyo kwenye jalada lenyewe, kichwa cha jalada, juzuu kama ziko zaidi ya moja, tarehe ya karatasi ya kwanza na ya mwisho, na kama jalada lina kizuizi cha kusomwa na umma.

Kasoro mbili utakutana nazo karibu kila makabidhiano. Ya kwanza ni vichwa visivyosema kitu: "Mambo Mengineyo", "Barua Mbalimbali", "Jumla". Usifute kichwa hicho, maana ndicho kinachotajwa katika barua nyingine za ofisi ile. Kinakili neno kwa neno, kisha ongeza ndani ya mabano ya mraba yale uliyoyaona ndani, mathalani [maombi ya leseni za uvuvi na ripoti za ukaguzi wa mashua]. Mabano ya mraba humwambia msomaji kwamba maneno hayo ni ya hifadhi, si ya ofisi iliyofungua jalada.

Ya pili ni tarehe, na hapa nasisitiza. Tarehe iliyopigwa muhuri juu ya gamba mara nyingi ni siku jalada lilipofunguliwa, ilhali barua ya kwanza ndani inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma kwa sababu ilihamishwa kutoka jalada lingine. Upande wa mwisho, watu huandika siku boksi lilipofungwa badala ya tarehe ya karatasi ya mwisho. Muda wa kufungiwa na muda wa kuteketezwa vyote hutegemea tarehe za jalada, hasa ile ya mwisho. Ukiiandika miaka mitatu nyuma ya ukweli, siri ya mtu itafunguliwa miaka mitatu kabla ya wakati, au jalada litateketezwa miaka mitatu kabla ya wakati. Fungua jalada, tazama karatasi yenyewe, ndipo uandike.

Usisaini kabla ya kuhesabu. Kama gari limefika jioni na hakuna muda wa kukagua, andika juu ya hati ya makabidhiano maneno haya au yanayofanana nayo: "Yamepokelewa maboksi 86 yaliyofungwa, yaliyomo hayajakaguliwa." Kesho yake kagua mstari kwa mstari, na kila tofauti iandikwe na kupelekwa kwa maandishi kwa ofisi iliyotoa. Makosa ya orodha yakikaa mwaka mzima bila kusemwa yanakuwa makosa yako.

Maboksi mapya hayaingii ghalani moja kwa moja. Yakae chumba cha kutengea, mbali na yaliyokwisha safishwa. Nusa kila boksi unapolifungua: harufu ya uvundo ni dalili ya unyevu. Tafuta mirija ya udongo ya mchwa, mabawa yaliyodondoka, vitundu vya mviringo kwenye majalada yaliyojalidiwa, na unga laini chini ya boksi. Weka mitego ya gundi sakafuni kando ya ukuta, uandike tarehe juu yake, uiangalie kila wiki. Mtego hauui wadudu wa kutosha kuokoa chochote. Faida yake ni kukuonyesha wametokea upande gani.

Usipange upya

Hamu ya mtu nadhifu anapokutana na rundo la majalada ni kuyapanga kwa mada au kwa alfabeti. Izuie. Ufaransa ilitoa waraka mwaka 1841 ulioagiza nyaraka ziwekwe pamoja kwa kufuata chombo kilichozitoa, na kanuni hiyo imebaki kuwa msingi wa kazi hii kila mahali. Nyaraka za idara ya maji hazichanganywi na za idara ya ardhi hata kama zote zinazungumzia kisima kile kile. Na ndani ya idara, mpangilio uliotumiwa na masjala yao unabaki.

Sababu yake ni ushahidi. Barua moja peke yake inasema kidogo sana. Ikikaa baada ya dokezo la ofisa aliyeiomba na kabla ya agizo lililofuata, inaonyesha nani alijua nini na lini. Ukiitoa na kuiweka kwenye "mada" yake, umeifanya karatasi tu.

Ikitokea jalada limeanguka na karatasi zimetawanyika, usikimbilie kupanga kwa tarehe. Tafuta kwanza namba za folio, yaani namba iliyoandikwa kwenye kila karatasi ya jalada. Kama hazipo, karatasi zenyewe zina dalili: madoa ya kutu ya pini yanayolingana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, matundu yaliyotobolewa kwa mkao mmoja, doa la maji linalopungua kadiri unavyoingia ndani, mkunjo unaopita karatasi tatu kwa pamoja. Kwa dalili hizo unaweza kurudisha sehemu kubwa ya jalada. Usipokuwa na uhakika, weka karatasi mwishoni kwenye bahasha yake, uandike kwa penseli kwamba mahali pake hapajulikani.

Katika kuelezea nyaraka, hifadhi nyingi hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISAD(G), yenye vipengele 26. Anayeanza asitishwe na idadi hiyo. Sita ndivyo vinavyohesabiwa kuwa muhimu kuliko vyote: namba ya rejea, kichwa, mtoaji (ofisi iliyoziandika au kuzikusanya), tarehe, kiasi, na ngazi ya maelezo, yaani kama unaelezea kundi zima, mfululizo, jalada au karatasi moja. Hivyo sita vikiwa sahihi, msomaji atafika.

Mezani: chuma, vumbi na folio

Osha mikono, ikauke, usipake mafuta. Kwa karatasi za kawaida mikono safi ni bora kuliko glavu za pamba, kwa kuwa glavu hunasa kwenye kingo zilizochanika na huondoa hisia ya vidole. Glavu za nitrili ni za picha na negativu, ambako jasho la kidole huacha alama isiyofutika. Kalamu ya wino haiingii mezani kabisa. Penseli laini inatosha kwa kila kitu.

Anza na chuma. Pini, klipu na pini za stepla hupata kutu, na kutu hula karatasi hadi ikabaki tundu. Kile kidude cha meno mawili cha kung'olea pini za stepla kiache ofisini. Hung'oa na karatasi. Laza jalada mezani, geuza upande wenye miguu ya pini, ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu mmoja ili kulinda karatasi, kisha nyanyua mguu kwa kisu butu chembamba mpaka usimame. Fanya hivyo kwa mguu wa pili. Geuza, ingiza plastiki chini ya mgongo wa pini, inua taratibu. Klipu iliyoganda kwa kutu haivutwi kamwe: shika upande mrefu ubaki palepale, ukaunyanyue ule mfupi. Zikiwa pini elfu, anza na zenye kutu na zile zilizo kwenye karatasi laini. Chuma kisicho na kutu katika chumba kikavu kinaweza kusubiri.

Sasa kosa ambalo hufanywa na watu wenye nia njema. Ukitoa pini iliyokuwa imeshika karatasi nne, umeondoa pia habari kwamba zile nne zilikuwa kitu kimoja. Ziviringishie mkanda wa karatasi isiyo na asidi, au zikunjie ndani ya karatasi kubwa iliyokunjwa katikati, kabla hujashika nyingine. Usiahirishe hata dakika moja.

Vumbi huondolewa kwa brashi ya manyoya laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, ukielekeza mbali na wewe. Karatasi ikiwa imechanika, brashi isipite kwenye mchaniko. Selotepu ni marufuku, hata ile inayouzwa kama ya kutunzia nyaraka. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka njano kisha kahawia, na plastiki hudondoka ikiacha doa lisilotoka. Mchaniko unaohitaji kuzibwa huzibwa na fundi wa ukarabati kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwa kuwa uji huo huondoka kwa maji siku ikihitajika. Wewe weka karatasi hiyo kwenye folda yake na uandike ombi la ukarabati.

Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwishoni mwa karne ya 20 zina asidi ndani yake, kutokana na aluminiamu salfeti iliyotumika kuzuia wino usienee, na massa ya mbao yenye lignini, ile gundi ya asili ya mti. Ndizo hizo zinazogeuka kahawia na kukatika kama mkate uliokauka. Folda na maboksi yanayozigusa yasiongeze tatizo. Karatasi ya kudumu kwa kiwango cha ISO 9706 ina pH (kipimo cha asidi, ambacho chini ya 7 ni asidi) kati ya 7.5 na 10 na akiba ya alkali inayolingana na asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti, ambayo humeza asidi inayojitokeza baadaye. Karatasi za faksi za zamani ni jambo la haraka zaidi, kwani maandishi yake hutokana na joto na hufifia yenyewe hata gizani. Ukikutana nayo, itolee nakala kwenye karatasi ya kudumu siku hiyo hiyo, na nakala ikae nyuma ya asilia.

Folio huandikwa kwa penseli, kona ya juu kulia, upande wa mbele wa kila karatasi yenye maandishi. Ukigundua umeruka karatasi kati ya 27 na 28, usifute namba mia mbili zilizofuata, iandike 27A. Kama jalada lina namba za folio za masjala, ziache, usiandike mpya juu yake. Mwishoni, ndani ya gamba la nyuma, andika jumla: "Folio 1–214, pamoja na 27A, folio 96 haikuwepo wakati wa kupokea." Sentensi hiyo fupi itakuokoa siku mtu atakapodai karatasi imeibwa kwenye chumba cha kusomea.

Boksi, rafu, namba

Boksi lisijazwe mpaka ukilazimika kuvuta jalada kwa nguvu, wala lisiachwe nusu tupu. Likiwa na nafasi, majalada hulegea, huinama na kujikunja kama kiti kilichopoteza mguu. Jaza pengo kwa karatasi isiyo na asidi iliyofinyangwa. Kipimo changu ni vidole: mkono uingie na kutoka na jalada bila kusukuma mengine.

Kuhusu uzito, fanya hesabu mwenyewe. Rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ni takriban kilo 2.5 na unene wa sentimita 5. Mita moja ya rafu iliyojaa karatasi ni rimu 20, yaani kilo 50. Kabati lenye rafu sita za mita moja linabeba kilo 300 kabla hujahesabu chuma chenyewe. Ndiyo sababu ghala la nyaraka haliwekwi kwenye sakafu ya ofisi ya kawaida bila mhandisi kuulizwa, na ndiyo sababu maboksi mazito hayakai rafu ya juu kabisa.

Rafu ziwe za chuma kilichopakwa rangi ya kuokwa. Mbao hutoa mvuke wa asidi na hulisha mchwa. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, maana bomba likipasuka usiku, maji yatakuwa yameenea kabla mlinzi hajaamka. Boksi lisichomoze nje ya rafu na lisiguse ukuta wa nje.

Kisha namba. Kila nafasi ina anwani yake: chumba, safu, rafu, nafasi. Anwani 2/14/5/03 ni chumba cha pili, safu ya 14, rafu ya tano, boksi la tatu kutoka kushoto. Anwani ni ya mahali, si ya boksi. Boksi lina namba yake ya rejea isiyobadilika hata likihamishwa mara kumi. Wanaochanganya hivi viwili hulazimika kubandika lebo upya kila ghala likipangwa upya, na katika kubandika huko ndiko maboksi hupotea. Badilisha anwani kwenye daftari papo hapo unapohamisha, ukiwa bado umesimama mbele ya rafu. "Nitaandika nikirudi mezani" ni chanzo cha majalada mengi yasiyoonekana.

Daftari la mahali linakaguliwa kwa njia mbili, na zote ni za lazima. Chagua maboksi 50 kwenye daftari uende rafuni kuyatafuta: utagundua yaliyopotea. Halafu simama rafuni, chagua maboksi 50 yaliyo mbele yako, uyatafute kwenye daftari: utagundua yasiyoandikwa. Njia ya kwanza peke yake haiwezi kamwe kukuonyesha boksi lisilokuwa kwenye daftari. Fanyeni wawili wawili, mmoja asome namba kwa sauti tarakimu moja moja, mwingine athibitishe. Jicho la mtu mmoja huona kile linachotarajia.

Na jalada likikosekana? Usitafute ovyo ghala zima. Anza na boksi jirani, kushoto, kulia, juu na chini. Tazama nyuma ya maboksi. Pindua tarakimu: 1347, 1374, 1437, 1743. Fikiria 1 iliyosomwa 7, na 3 iliyosomwa 8. Angalia ndani ya majalada mengine ya boksi hilo hilo, kwa kuwa jalada jembamba huingia ndani ya nene. Kisha toa hati za siku jalada lilipotumika mara ya mwisho na ukague kila kitu kilichorudishwa siku ile, kwani mara nyingi mawili yalibadilishana nafasi. Tazama pia kikapu, chumba cha kutolea nakala na meza ya skana. Andika kila ulipotafuta, ili atakayeendelea asirudie.

Mwaka 1973 moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi mjini St. Louis, Marekani, na kuteketeza majalada yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na 18. Hasara hiyo ilizidishwa na jambo moja: hapakuwa na nakala, na hapakuwa na faharasa ya kuonyesha hasa majalada gani yalikuwemo. Watu walilazimika kujenga upya historia za utumishi kwa karatasi za malipo na nyaraka za ofisi nyingine. Orodha yako, kwa hiyo, isikae tu kwenye jengo lile lile lenye majalada. Nakala yake iwe jengo lingine.

Msomaji anapoomba

Hati ya kuomba jalada iwe na nakala tatu. Moja inabaki rafuni ndani ya kibao cha rangi kinachoshika nafasi ya kilichotoka, moja inasafiri na jalada, moja inabaki kaunta. Kabla ya kutoa, hakiki kizuizi cha kusomwa na hesabu folio. Mpe msomaji jalada moja kwa wakati. Akiwa na mawili wazi mezani, karatasi za hili zitaingia lile bila nia mbaya ya mtu yeyote. Likirudi hesabu tena, mbele yake, kwa adabu. Ndipo lirudi rafuni siku ile ile, kibao kitolewe, nakala zote tatu zikutane na kufungwa. Nakala iliyobaki peke yake jioni ni swali ambalo halilali.

Vitabu vikubwa vilivyojalidiwa visivutwe kwa kichwa cha mgongo, ndicho hukatika kwanza. Sukuma ndani vya jirani kidogo, ushike kiuno cha kitabu pande zote mbili.

Hewa

Joto chini ya nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu kati ya asilimia 35 na 50 ndicho kipimo kinacholengwa sana kwa karatasi. Hifadhi nyingi haziwezi kukifikia mwaka mzima, na afadhali kiwango kisicho kizuri sana lakini kilichotulia kuliko mashine inayopoza mchana na kuzimwa usiku. Karatasi hunyonya unyevu na kuuachia, hutanuka na kusinyaa, na kila mzunguko huidhoofisha. Ukizima kipoza hewa jioni, hewa ya usiku yenye unyevu huingia na kugandia kwenye kuta zilizopoa.

Mstari usiovukwa ni asilimia 65. Juu ya hapo ukungu huota. Kipima unyevu kikae katikati ya rafu, siyo mlangoni, na kisomwe saa zile zile kila siku. Ukiona ukungu, vaa barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2 na glavu kabla ya kugusa chochote. Ukungu ulio hai ni laini, una unyevu na hupakaa ukiguswa. Huo haupigwi brashi, maana utausambaza. Tenga boksi, likaushe kwanza. Ukishakauka na kuwa unga, ndipo hufyonzwa kwa mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Halafu tafuta maji yametoka wapi.

Ukifungua kopo la filamu na kusikia harufu ya siki, filamu hiyo ya asetati (aina ya plastiki) imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Ihamishe leo.

Maji yakiingia

Una saa 48 kabla ukungu haujaanza, na chini ya hapo kama chumba kina joto. Umeme uzimwe kwanza. Usifungue jalada lililolowa, usitenganishe karatasi, usikamue. Karatasi iliyolowa huchanika kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo inua kwa kuweka ubao au trei chini. Panga kwenye kreti za plastiki zenye matundu, zisijae, na kila kreti iandikwe yaliyomo yametoka safu na rafu ipi. Hatua hii ndiyo huachwa watu wakiharakisha, na baada ya kukausha hubaki na karatasi zilizopona zisizojulikana ni za nani.

Yakiwa mengi kuliko mnavyoweza kukausha kwa siku mbili, yagandishwe kwa nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri. Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa. Kisha hukaushwa kwa mashine za ombwe, yaani zinazotoa hewa yote, au kidogo kidogo kwa zamu. Yakiwa machache, yatandaze kwenye chumba chenye feni isiyoelekezwa kwenye karatasi, weka karatasi za kunyonya katikati na uzibadilishe mara kwa mara. Hakuna jua, hakuna hita, hakuna mashine ya kukaushia nywele: joto huvuta karatasi upande mmoja na kukausha juu tu. Karatasi zenye mng'ao zigandishwe kabla ya zote, kwani zikikauka zikiwa zimegusana huwa kipande kimoja cha ubao.

Kuskani

Nitasema machache. Skani ya rangi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) bila kubanwa ni takriban megabaiti 26, hivyo kurasa elfu moja ni gigabaiti 26, na huo ni mzigo wa nakala moja tu. Nakala kuu iwe TIFF, faili ya picha isiyopunguza ubora; ya kutumiwa na wasomaji iwe PDF/A, PDF ya kutunzwa muda mrefu. Jina la faili libebe namba ya rejea na folio, si "Scan0001". Tengeneza cheksamu ya SHA-256 ya kila faili, yaani namba ya utambulisho inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo, siku ya kwanza na uilinganishe kila baada ya muda uliopangwa, kwa kuwa faili iliyoharibika haitoi harufu wala doa. Linganisha idadi ya picha na idadi ya folio kabla jalada halijarudi rafuni. Karatasi mbili zilizopita pamoja kwenye skana hazionekani vinginevyo. Na kuskani si ruhusa ya kutupa asilia.

Kuteketeza

Si kila kitu hutunzwa, na hifadhi isiyoteketeza chochote hujaa hadi kazi ikasimama. Lakini msaidizi haamui. Ratiba ya uhifadhi na uteketezaji iliyoidhinishwa ndiyo inayosema mfululizo gani utunzwe miaka mingapi, na hata muda ukiisha, idhini ya maandishi inahitajika kwa orodha ile mahususi. Kabla ya kuipeleka kusainiwa, uliza kama kuna kesi mahakamani, ukaguzi wa hesabu, au ombi la taarifa linalohusu jalada lolote lililomo. Likiwepo, jalada hilo linasubiri, hata muda wake uwe umepita.

Siku yenyewe, watu wawili hulinganisha kila jalada na orodha, wakifungua boksi, si kusoma lebo ya nje. Karatasi za siri hukatwa vipande vidogo; daraja la P-4 katika viwango vya usalama vya mashine za kukatia karatasi linataka kipande kisichozidi milimita za mraba 160, na mashine inayokata vipande virefu kama tambi haifiki hapo. Mashahidi hubaki hadi boksi la mwisho, kisha husaini hati ya uteketezaji, ambayo yenyewe hutunzwa daima. Nafasi iliyoachwa rafuni huandikwa wazi kwenye daftari ili ipangiwe kingine. Mstari wa jalada lenyewe haufutwi. Mbele yake huandikwa "limeteketezwa", tarehe, na namba ya idhini, ili yeyote atakayeuliza miaka hamsini baadaye asiambiwe kwamba halionekani.